Mashua ya Moshi Niliyoipitisha

Jumatatu, mwezi wa Rajabu, baada ya isha

Homa haijaniacha, lakini si homa inayoninyima usingizi.

Leo wamenibeba mpaka ufukweni, mimi fundi mzee wa mashua, nikague mashua ya moshi, kuukuu, ambayo mwanangu Salimu alitaka kuinunua. Hatujapata kuwa na chombo cha namna hiyo. Nimegonga ubao mmoja mmoja, nimechoma kisu penye rangi mpya, nikaamuru ijazwe maji ikiwa mchangani tuone inavuja wapi. Haikutoa tone. Watu wote wakanigeukia.

"Nzima," nikasema. "Nunua."

Akanunua pale pale.

Lakini nilikagua mbao tu. Lile pipa la chuma linalochemsha maji, ambalo ndilo linaloiendesha, sikuligusa. Sikujua nitazame nini, nikaona haya kusema hivyo mbele za watu. Nimesikia mapipa hayo hupasuka na kuunguza watu. Siku zangu zimekwisha, na sitaki kufika mbele ya Mola na neno lile, "nzima," mdomoni.

Nimemwita Salimu. "Mwanangu, chuma kile mimi sikijui."

Akacheka kidogo. "Hata mimi sikijui, baba. Nilikuwa nakutazama wewe."

Nimemsihi asiwashe moto mpaka tulete fundi wa chuma kutoka Unguja. Lakini abiria wa kwenda Pangani watamngoja asubuhi.

"Inshallah, baba," akanijibu, akanibusu mkono, akatoka.

Namjua mwanangu. Tangu utotoni, akitaka kunikatalia bila kunivunjia heshima, husema inshallah.