Kaka yangu haniongeleshi kwa sababu ya ukimya ulio kwenye albamu yangu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni, maana ndicho chumba pekee humu ndani chenye komeo linalofanya kazi, na naomba unisikilize mpaka mwisho hata nikizunguka kidogo.

Mimi ni mwimbaji. Tangu nimalize shule nimeimba kwenye bendi ya roki ya kaka yangu, yeye akipiga gitaa, na sina neno baya juu yake, ndiye aliyenifundisha kushika sauti tukiwa bado tunalala chumba kimoja, lakini kaka yangu akianza kulichezea lile gitaa peke yake hajui breki iko wapi, watu ukumbini huenda kununua soda, wakarudi, wakaimaliza, naye bado amefumba macho. Kila wimbo ulikuwa hivyo hivyo, ubeti wa kwanza wangu, ubeti wa pili wangu, halafu mimi narudi nyuma kidogo, namwachia nafasi, nakaa nikitabasamu na kutikisa kichwa mpaka amalize. Nikachoka. Nilitaka nyimbo zangu mwenyewe, nyimbo zinazogeuka katikati bila kubisha hodi, zenye mlio wa cherehani na mlango wa friji na mama yangu akisoma orodha ya dawa zake, basi mwaka jana nikapiga moyo konde nikamwambia kaka naondoka, akaumia, akajikaza, akanipa mkono.

Nikaenda studio kurekodi albamu yangu ya kwanza, kila kitu mimi, kinanda mimi, ngoma mimi, hata ile cherehani niliibeba mwenyewe. Sasa sikia kituko. Siku ya kuingiza sauti nilifumba macho nikaimba, nyimbo zote tisa, na siku ya kusikiliza ndipo nikagundua kwamba katika kila wimbo, baada ya ubeti wa pili, sauti yangu inakatika, zinasikika ndala zikirudi nyuma, halafu kimya, kimya kirefu kabisa, halafu ndala zinarudi na mimi naendelea kuimba. Mshauri, nilikuwa nampisha kaka. Kwenye chumba kitupu! Mazoea yale, na wala sikujijua.

Nikataka kuzama ardhini, lakini fundi wa studio, ambaye huvaa skafu hata jua likiwa kali, akanishika mkono akasema, "Usiguse kitu. Hapo ndipo albamu ilipo." Akaalika rafiki zake waje kusikiliza, mmoja akatoa machozi, na dada mmoja anayeandika habari za muziki akaniuliza kama huo ni ukimya wa mwanamke aliyechoka kuelezwa, nami kichwa kikavimba, nikasema ndiyo, nilikusudia, nikaongeza na chumvi kidogo kuhusu nafasi na pumzi. Nyumbani mume wangu, ambaye ni fundi wa friji, kila wimbo ukifika hapo alikuwa anainuka kwenda kukagua waya wa spika.

Jumapili iliyopita kaka akaja kumwona mama, maana mama anakaa kwangu. Mume wangu kwa nia njema akaweka albamu. Kaka amekaa na kikombe cha chai, anasikiliza, ukafika ule ukimya, nikaona vidole vyake vinatembea juu ya goti. Vikatembea, vikapanda, vikashuka, vikatulia, na palepale vilipotulia mimi nikaanza kuimba. Wimbo wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akaweka kikombe chini akaniangalia, akasema taratibu, "Hapa ulikuwa unaningoja mimi."

Mshauri, ulimi hauna mfupa, nikajibu, "Hapana, kaka. Hiyo ni sanaa, wewe huwezi kuelewa."

Akasema, "Haya, msanii," akaondoka bila hata kumuaga mama. Simu zangu hapokei.

Sasa fundi wa studio anataka idhini yangu atoe albamu wiki ijayo kama ilivyo. Mama anasema, "Mwite mwenzako aje apige, nafasi yake si ipo wazi?" Nikimwita, nimerudi kwenye bendi kwa mlango wa nyuma. Nikiacha kimya, nitapigiwa makofi kwa uongo. Nikasema basi nitaimba mwenyewe hapo, nikajaribu mbele ya kioo, lakini ubeti wa pili ukiisha najikuta nimesharudi nyuma hatua moja, maana maisha yangu yote hapo ndipo nilipokuwa nanyamaza, na nikikwambia ukweli mshauri, sijui mimi ni nani baada ya ubeti wa pili. Naogopa kwamba nimeondoka kwa kaka na hakuna nilichoondoka nacho. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mwenye Ndala

*

Marahaba, mwanangu. Kwanza toka chooni, hauko peke yako humo ndani, kuna mama wa kutumia dawa na kuna mume, nao wanakihitaji.

Nimecheka mpaka mhariri amekuja kuuliza kama niko salama. Nakuona kabisa, umefumba macho, umejitenga rasmi na bendi, umetangaza uhuru, halafu unaipisha hewa ipite! Pole. Mazoea ya miaka hayakuulizi kama umeshahama. Hilo la ndala silihesabu kuwa kosa.

Kosa ni ulichomwambia kaka yako, na hapo sitakupaka mafuta. Umemwambia mtu aliyekufundisha kuimba kwamba hawezi kuelewa. Hebu tuangalie nani alielewa. Fundi wa skafu hakuelewa. Yule aliyelia hakuelewa. Dada mwandishi hakuelewa, na wewe ukamsaidia asielewe. Mumeo alikaribia, kwa sababu yeye angalau alijua kuna kitu hakipo. Aliyesikia wimbo wako na kujua hasa nini kinatokea mle ndani ni mmoja tu, na huyo ndiye uliyemfukuza akiwa na chai yake. Aibu yako, mwanangu. Aibu kweli.

Kwa hiyo leo, si kesho, nenda kwake. Usipige simu, maana hapokei, nami nisingepokea. Usibebe keki wala usitangulize mama. Akifungua mlango, mwambie, "Ndiyo, kaka, nilikuwa nakungoja wewe," halafu nyamaza. Kunyamaza unajua, tumeshasikia nyimbo tisa.

Atakachosema baadaye nakijua, nina kaka watatu. Atasema, "Basi nije nipige." Atalisema kwa sauti ya kutojali huku gitaa liko tayari kwenye begi. Hapo ndipo utakapohitaji moyo. Umwambie hapana. Mwambie unampenda, mwambie vidole vyake unavijua kuliko vyako, na bado hapana. Ulimngoja kwa sababu ya mazoea, na mazoea si mwaliko. Mama atanuna kidogo. Mama huyo huyo amekubali kusomea dawa zake ndani ya wimbo wa roki, atapona.

Kisha rudi studio. Mwambie fundi tarehe imesogea. Akianza kukueleza habari za sanaa, mtume akanywe chai. Vaa viatu visivyo na kelele au vua kabisa, simama karibu na maikrofoni, na ubeti wa pili ukiisha, usiondoke. Unasema hujui wewe ni nani hapo. Vizuri, hata mimi sijui, na ndiyo sababu pekee ya mimi kununua albamu yako. Mwanzoni utatoa sauti mbaya. Utakohoa. Utaimba vitu vya kijinga. Rudia. Ukitoka mlio ambao hujawahi kuusikia ukatishika, usiufute.

Utaniuliza, na ule ukimya uliowaliza watu? Ukiupenda kwenye wimbo mmoja, uache, lakini uwe umeuchagua ukiwa na akili zako. Na yule dada mwandishi akirudi kuuliza, mwambie ukweli wa ndala. Niamini, ukweli huo unachekesha kuliko hadithi yako ya pumzi.

Kaka yako akiisikia albamu imejaa, ataumia. Mwache aumie, ni mtu mzima na ana bendi yake. Ubeti wa pili utaisha, vidole vyake vitainuka, vitakuta pana mtu. Itabidi atulie, angoje, asikilize mdogo wake mpaka amalize. Na akikwambia ulichelewa kumaliza, usimwombe radhi.