Sauti Yangu, Mama Yake

Kalungu, 4 Oktoba

Nakato mwanangu,

Umesema redioni na Kalungu nzima imekusikia. Nilifungulia sauti mpaka kuku wakakimbia. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Sisi wazima, na pacha mwenzio Babirye anakusalimu.

Nilikuwa nimewaita majirani waje wamsikie binti yangu wa Jinja. Mara ukasema: "Mimi ni kiziwi. Wageni wakija, mama yangu alikuwa ananificha jikoni." Jirani yetu Namusisi akauliza, "Nnalongo, kumbe katika pacha wako ni yupi asiyesikia?" Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Nilikuficha lini, wewe niliyekupeleka kanisani na viatu vyeupe? Nijibu upesi. Jumapili sijui nitakaa benchi gani.

Mama yako, Nnalongo


Jinja, 12 Oktoba

Mama,

Nakupigia magoti hapa hapa mezani. Kifua kimepona. Pole kwa fedheha.

Watu wa redio walikuja hapa shuleni kwetu kurekodi insha za wanafunzi. Ile ni ya Kisakye, mwanafunzi kiziwi wa kidato cha pili. Yeye husema kwa mikono, mimi natoa sauti. Akisema "mimi", nami nasema "mimi". Nikisema "anasema eti", mwalimu hunigeukia mimi, "Hebu mwambie hivi," na mtoto anabaki kama mzigo uliowekwa kando. Sauti ni yangu, mama ni wake.

Mtangazaji yuko tayari kusema kwamba mama huyo si wewe. Ila watu watatafuta ni nani, na siku hizi mama yake Kisakye huja kumtembelea; naogopa aibu itamfanya aache. Uamuzi ni wako.

Binti yako, Nakato


Kalungu, 25 Oktoba

Nakato,

Asitangazwe mtu. Mabega ninayo. Hatujambo, Babirye tu ana mafua.

Nimewaambia kisimani: sauti ya binti yangu huazimwa na wenye jambo la kusema. Ya kwenu nani ameiazima?

Jioni Namusisi akaja kwa mlango wa nyuma. Hakucheka. "Nnalongo, shule ya binti yako inachukua watoto wa umri gani?" Nikamwuliza, wa nani? Akanionesha kimo kwa mkono, hapa kiunoni. Miaka yote tunachota maji pamoja, sikujua kuna mtoto ndani.

Sasa niambie, mikono inasemaje "karibu"? Na "ongeza mchuzi"? Nijifunze mapema, nisije nikamtukana mgeni. Mlete Kisakye na mama yake. Babirye atapika luwombo ya kuku, ya kufunga kwa majani ya mgomba. Namusisi anakuja na bintiye, na nimemwambia wapite mlango wa mbele. Nawangoja wote Jumapili, tarehe 9 Novemba, baada ya misa.

Mama yako, Nnalongo