Mlango wa Nyuma Haufunguki kwa Ndani

Alhamisi. Ukungu haujaondoka Isongole tangu alfajiri, na sasa ni saa kumi jioni. Baridi ya mwezi wa sita. Shule zimefungwa, mwanangu Lusajo yuko Mpuguso kwa bibi yake, nyumba iko kimya.

Leo nimefanya jambo baya. Nimelifanya kwa makusudi, na kwa muda wa nusu saa lilinipendeza.

Naandika hapa mtandaoni badala ya kwenye daftari kwa sababu daftari ningelichoma kesho asubuhi. Mnaonisoma siku zote mnanijua kama mwalimu wa darasa la nne anayelalamikia mvua na madaftari ya kusahihisha. Leo si hayo.

Mume wangu ni mnunuzi wa viazi. Ni mtu wa kucheka na watu, ukimkuta sokoni utampenda. Tuna gari dogo la mtumba, otomatiki, lile ambalo ukiliwasha sauti ya mwanamke inakusalimu kwa Kijapani. Miaka miwili iliyopita nilimwomba anifundishe kuliendesha. Akakubali haraka mno. Ningepaswa kujiuliza kwa nini.

Alinifundishia kwenye uwanja wa mpira, jioni, watu wakiwa wamejaa pembeni. Kwenye gari letu indiketa iko mkono wa kulia na waipa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nachanganya. Nikitaka kukata kona, waipa zinaanza kufuta kioo kikavu. Kila nilipokosea alinipiga kwa funguo za nyumba mgongoni mwa kiganja, si kwa nguvu sana, kisha anashusha kioo na kuwatangazia walio nje: "Mama Waipa ameanza tena!" Walicheka. Wiki haikuisha jina likawa langu. Nilimkuta mtoto wa darasa la sita ameliandika ubaoni.

Lakini nilijifunza. Nilitafuta kwenye simu maana ya kila taa ya dashibodi, nikaziandika kama ninavyoandika maandalio ya somo. Ndivyo nilivyojua kwamba ile taa nyekundu yenye picha ya mtu na duara mbele yake ilikuwa inasema eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukinga kifua, haifanyi kazi. Nilimwambia. Akachukua selotepu nyeusi ya fundi umeme, akaibandika juu ya ile taa. "Haya, imepona," akasema. Mkanda nao hakuupenda. Alinunua kile kichwa kitupu cha mkanda, akakichomeka ili gari liache kupiga kelele, akaendesha bila mkanda. Akiona trafiki mbele anauvuta mkanda begani na kuushika kwa mkono hadi awapite.

Kuna siku nilikwaruza ubavu wa gari kwenye nguzo ya geti la kanisa. Hakunigombeza. Alinifungulia mlango wa nyuma akasema nikae huko, wanaoharibu vitu hukaa nyuma. Kabla ya kuufunga akanionyesha kitu ambacho nilikuwa sijakigundua: kijiti kidogo cha plastiki kwenye ukingo wa mlango, ukikishusha mlango haufunguki kwa ndani. Kimewekwa kwa ajili ya watoto, wasije wakafungua gari likiwa kwenye mwendo. Akakishusha. Akaendesha mpaka Kyimo, njia ya Tukuyu, akaegesha juani mbele ya wauza ndizi, akazima gari, akaenda kunywa chai na wenzake.

Saa mbili nzima.

Vioo vya umeme havishuki gari likiwa limezimwa. Nilikaa humo natokwa jasho, wanawake wananitazama kupitia kioo. Niseme ukweli wote: ningeweza kupita katikati ya viti nikafungua mlango wa mbele. Nilikuwa na miguu mizima. Sikuthubutu, kwa sababu alikuwa ameniambia nikitoka nisirudi nyumbani kwake. Aliporudi alikuwa anacheka. Sikumsimulia mtu yeyote, hata mama yangu.

Ajali ilitokea mwaka jana mwishoni, mvua za kwanza. Tulikuwa tunateremka kuelekea Kiwira, nyuma magunia ya viazi, mimi kiti cha mbele na mkanda wangu. Alikuwa ameweka gia N, yaani huru, ili gari liserereke lenyewe, eti anabana mafuta. Breki zikafanya kazi peke yake mteremko mzima. Nikasikia harufu ya kuungua.

"Baba Lusajo, weka L," nikamwambia. Hiyo ndiyo gia nzito, inayolishika gari kwenye mteremko.

"Mama Waipa leo ananifundisha gari," akanijibu.

Kona iliyofuata alikanyaga breki, ikazama mpaka chini kama imekanyagwa kwenye tope. Alishika usukani kwa mikono miwili akawa anaita jina la mama yake. Mimi ndiye niliyerudisha gia D, nikaivuta mpaka 2, kisha L. Injini ikalia kwa uchungu. Nikawa navuta breki ya mkono kidogo kidogo, maana nilikuwa nimesoma kwamba ukiivuta yote kwa mara moja gari linageuka. Mwendo ulipungua. Tukaenda kugonga ukingo wa udongo upande wa mlima, si upande wa bonde.

Mimi nilipata alama ya bluu kifuani, pale mkanda ulipopita. Yeye alirushwa kwenye usukani, na eabegi haikutoka. Nyonga, paja, kifundo cha mkono wa kulia.

Hospitali ilimwekea vyuma. Gari lilitengenezwa likapona kabla yake. Tangu hapo mimi ndiye dereva. Nampakia kiti cha nyuma, mguu kaunyoosha juu ya kiti chote, na magongo yake naweka kwenye buti. Nampeleka hospitali ya Tukuyu kwenye mazoezi ya viungo.

Mpaka leo hajawahi kuniambia asante. Sikuingoja sana. Nilichoshindwa kumeza ni kile anachowaambia wageni wanaokuja kumjulia hali. Anawaambia gari lilikuwa linakwenda vizuri, mimi nikashtuka nikavuta gia, ndiyo tukagonga. Anasimulia kwa ucheshi. Wanacheka, wananiangalia, wananionea huruma. Nami napita na chai.

Leo akaisimulia tena.

Dada anayemfanyisha mazoezi alikuwa amemkunja goti na kulinyoosha, akafurahi, akasema, "Baba, ukijituma hivi, miezi mitatu utashika usukani mwenyewe."

Mume wangu akageuka kunitazama. "Umesikia? Anza kuzoea kuziacha funguo mezani." Kisha akamwambia yule dada, "Maana huyu unayemwona ndiye aliyenivunja. Alivuta gia gari liko kwenye mwendo."

Yule dada alinitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyemwangusha mtoto. Nikatabasamu. Sijui kwa nini huwa natabasamu.

Tulipotoka mjini akaanza kuhangaika kiti cha nyuma. Alikuwa amekunywa maji mengi wakati wa mazoezi. "Mama Lusajo, simama mahali nijisaidie." Nikamwambia tukifika Kyimo. Akasema sawa, ila niwahi.

Sikuwa nimepanga chochote. Hilo nataka kuliamini. Lakini nilipofika Kyimo sikutafuta mahali penye faragha. Niliegesha mbele ya wauza ndizi, ng'ambo ya mgahawa wa chai. Nikazima gari, nikachomoa funguo, nikashuka, nikazunguka mpaka mlangoni kwake na kuufungua. Alikwisha kunyoosha mkono ili nimshike.

Nikakishusha kile kijiti.

Alikiona. Aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni, na nilijua kwamba amekumbuka. Alisema tu, "Mama Lusajo." Nikaufunga mlango. Nikabonyeza rimoti, milango yote ikajifunga.

Yeye hawezi kupita katikati ya viti. Hawezi kufikia honi. Hilo nililijua nikiwa navuka barabara.

Niliagiza chai na chapati. Nilikaa mahali ninapoliona gari. Ukungu ulikuwa unapita, linafichika, linaonekana. Aligonga kioo kwa kiganja, akaacha, akagonga tena. Chai ilikuwa tamu sana. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kama nisipoandika leo, wiki ijayo nitajidanganya kwamba niliinywa kwa majonzi.

Mama mmoja mwenye beseni la ndizi akasogea garini, akachungulia, akajaribu kitasa. Akavuka mpaka nilipo, akanisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, dada. Yule baba kwenye gari ni wako?"

"Ni mume wangu. Anapumzika."

"Anapumzika huku analia?"

Nikamega chapati. Alisimama hapo akiniangalia, beseni kichwani, halafu akaondoka bila kuaga. Ningemwambia kwamba mimi pia niliwahi kukaa humo, na huenda hata yeye alinipita. Nikaagiza kikombe cha pili.

Niliporudi, harufu ilinipokea kabla sijaufungua mlango vizuri. Suruali ilikuwa imelowa hadi magotini, na alikuwa ameiweka kofia yake mapajani kuficha. Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu. Alikuwa amejaribu kujivuta kuelekea viti vya mbele. Mkanda ulikuwa umefunguliwa na mguu wenye vyuma umeanguka sakafuni umepinda vibaya. Nikauinua. Akauma meno, hakupiga kelele.

Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kwa matusi, ningeyajibu yote.

Akauliza, "Siku ile nilikuacha kwa muda gani?"

"Saa mbili."

"Leo hazijafika. Rudi ukamalizie."

Mpaka sasa sijui alikuwa ananikejeli au ananipa. Uso wake haukuonyesha. Nilimfunga mkanda, ulimi wa chuma ukakataa kuingia mara mbili, ukaingia mara ya tatu. Nikaendesha mpaka nyumbani na taa za ukungu nimewasha, taratibu, kwa gia inayotakiwa, indiketa kila kona. Sijawahi kuendesha vizuri namna ile. Nyuma yangu mtu alikuwa amekaa kwenye mkojo wake.

Nimechemsha maji, nimemwogesha, nimempaka mafuta kwenye kovu. Aligeuzia uso ukutani wakati wote. Nilipomaliza akasema, "Usimwambie mtu."

Maneno hayo nayafahamu. Siku ile ya Kyimo nilijiambia mwenyewe hayohayo, nikayatii karibu miaka miwili.

Kwa hiyo nimetoka nje kwenye ukungu nikampigia simu wifi yangu Bupe, dada yake mkubwa, anayeishi Mbeya mjini. Nilimweleza la leo kwanza, kwa sababu kama ningeanza na ya zamani ningekuwa najitetea. Kisha nikamweleza na ya zamani: funguo kwenye kiganja, jina, selotepu, saa mbili za juani, gia.



"Wifi," akasema, "unasema ulimwona anagonga kioo, ukaendelea kunywa chai?"

"Ndiyo."

"Na gia uliivuta breki zikiwa zimeshakufa?"

"Zilikuwa zimekufa."

"Kwetu alisema vingine." Akashusha pumzi. "Nakuja kesho na gari la asubuhi. Atakaa kwangu mpaka apone. Wewe na yeye msikae chumba kimoja sasa hivi."

Hakunigombeza, hakunipoza. Nilitamani afanye mojawapo.

Nimerudi ndani nimemwambia mume wangu kwamba dada yake anakuja kumchukua. Alichezea ukingo wa blanketi kwa ule mkono wake usiokunjika vizuri. Kisha akauliza, "Na nikishapona?"

Nimetoka chumbani.

Hapa nilipo, jikoni, simu mkononi, nalifikiria neno moja tu la yule dada wa mazoezi: miezi mitatu. Alipolitamka asubuhi, kabla hata mume wangu hajafungua mdomo kunisema, mimi moyo ulishuka. Niliomba asipone. Nilikuwa nimesimama na koti lake mikononi, nikaliomba hilo kwa Mungu, ndani ya hospitali. Halafu ndiyo tukaenda Kyimo. Nimekuwa nikijiambia mchana kutwa kwamba maneno yake ndiyo yaliyonipandisha hasira. Si kweli. Niliondoka pale hospitalini nikiwa nimeshamtaka abaki vile alivyo, kwenye kiti cha nyuma.

Mke anayeogopa mumewe apone anafanya nini ndani ya nyumba hii?

Asubuhi nitafua ile suruali, nitampangia nguo na dawa zake kwenye begi, nitamwandikia Bupe saa za dawa. Nitambeba mwenyewe mpaka garini nimpeleke stendi, au nimwache Bupe atafute gari jingine. Hilo atachagua yeye mgonjwa, akitaka kupanda nami tena. Baada ya hapo nina miezi mitatu ya kulijibu swali aliloniuliza mume wangu.