Kamera ya Kitoto

Kasulu, Jumatatu

Kaka Saady,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu nimefunzwa adabu. Huku mvua zinanyesha na maharage yamechanua.

Unaniomba picha ya mwisho ya bibi uitundike ukutani kwako Dar. Basi jua kwamba niliipiga kwa kamera yangu ile uliyoiita ya kitoto, inayoingia kwenye mfuko wa koti. Siku ile tulipokwenda kwake, wewe ulibeba lenzi tano na stendi ya chuma kama mtu anayehama nyumba, ukaishia kilima cha kwanza cha Kumsenga. Ulikaa chini unahema, ukasema, "Kidude hicho hakitoi picha ya maana." Kisha ukageuka ukarudi. Nilipanda peke yangu.

Nimeikuza hadi ukubwa wa mlango na haina ukungu hata chembe. Mikunjo ya vidole vya bibi inahesabika. Pembeni yake kuna kigoda kitupu alichokuwekea. Nilitaka kukiondoa, akanikatalia: "Kiti cha mgeni hakiondolewi kabla hajafika."

Wiki iliyofuata tulimzika.

Picha nakutumia nzima. Kigoda chako sijakikata.

Mdogo wako,
Zaitun