Tundu Upande wa Mama Mdogo

2 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yamekupa nafuu. Mimi sijambo, ila kazi haina huruma.

Uliniandikia kwamba joto la chumbani mwako linakulaza sakafuni. Basi nimekununulia kiyoyozi. Usianze kelele, Mama! Najua nyumba ya babu ni kuukuu, na uliapa hakuna atakayegusa dari yake. Hiki hakipitishi mabomba darini. Kisanduku kimoja kinakaa ukutani ndani, kingine nje, na katikati ni tundu moja tu la kupenya ngumi. Fundi atakuja. Mwambie atoboe ukuta wa nyuma.

Msalimie Mama Mdogo, ukiweza.

Mwanao, Kitindamimba

19 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, magoti ni yaleyale, yameapa kuzikwa nami. Wewe unakula vizuri huko?

Fundi amekuja. Ni mrefu, kila mlango anauinamia, na kila kitu anakigonga kwa kidole kwanza kama anabisha hodi. Amegonga ukuta wa nyuma, ukamwagia mchanga viatuni. Akasema, "Mama, huu ukibeba mashine, vyote viwili vitalala chini." Ukuta wenye nguvu chumbani mwangu ni ule wa saruji, uliojengwa tulipogawana nyumba mimi na mama yako mdogo. Nikamwambia, "Toboa huohuo!" Upande wa pili ni uani kwake. Kisanduku cha nje si kinatema joto? Basi kimtemee yeye. Alichukua kitanda cha marehemu mama yetu bila kuniuliza, na alale nacho kwenye joto.

Fundi akauliza kama jirani ameruhusu. Nikamwambia toboa kwanza, ruhusa itakuja kwa miguu yake.

Wala usimhurumie. Tangu jana amepata mchezo mpya. Anagonga ukuta wetu, chini karibu na sakafu, ngo, ngo, ngo, ili nisisinzie. Nami si wa kuchezewa, nimefungulia redio hadi mwisho. Fundi anarudi kesho asubuhi na drili yake.

Mama yako

27 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo sina swali ila moja: Mama Mdogo anagonga nini? Yule mtu tangu nimjue hajawahi kugonga hata meza. Kununiana kwenu kote, mkikutana barabarani ni yeye anayekupisha. Na anaishi peke yake, Mama! Nimempigia simu, haipatikani. Laiti nawe ungekubali kuwa na simu!

Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, zima redio ukamtazame. Hata kama uliapa kutokanyaga kwake. Nenda!

Mwanao

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta hospitali, nimekaa kando ya kitanda ambacho si changu.

Fundi alipofika nilizima redio ili tusikizane. Akapanda ngazi, akatoboa. Drili ilipotokea ng'ambo akaichomoa, akachungulia. Akasema, "Mama, huku si uani. Huku ni chumbani." Nikambishia. Nimezaliwa nyumba hii, anifundishe yeye? Ndipo sauti ikatoka tunduni, kavu, ndogo: "Kifaranga? Umekuja?"

Yallah, mwanangu! Duniani amebaki mtu mmoja tu anayeniita hivyo. Fundi akamulika tochi, akaona mguu wa mtu sakafuni. Hakushuka ngazi, aliruka. Akaenda kuvunja mlango wa mama yako mdogo kwa bega, nami nyuma yake pekupeku.

Alikuwa ameanguka, nyonga imevunjika, yuko pale chini tangu juzi yake. Mkononi ameshika kiatu, kisigino kimemegeka kwa kugongea ukuta. Alikuwa ananiita, mwanangu. Nami nikamfungulia muziki.

Ule ua aliuezeka zamani akaufanya chumba, nisijue, kwa kuwa sikukanyaga kwake. Kitanda cha mama amekisukuma hadi kwenye ukuta wetu. Kina mito miwili. Utotoni tulilala pamoja kwenye kitanda hicho, mimi upande wa ukutani. Upande huo shuka lilikuwa limenyooka, halijalaliwa.

Nimemuuliza kwa nini ajibane hapo penye joto. Akasema hapo anasikia nikikohoa, na akishasikia, usingizi unakuja.

Daktari anasema atatembea, kwa mkongojo. Ukuta tunaubomoa. Kiyoyozi kitapoza chumba chetu sote wawili: kisanduku cha ndani kitakaa ukutani upande wake, na cha nje fundi atakikalisha chini juu ya matofali, kitemee joto barabarani.

Redio nimempa fundi. Sasa mdogo wangu akigusisha tu kijiko kwenye kikombe, nakurupuka. Yeye anacheka mpaka nyonga inamuuma. Mimi bado siwezi kucheka.

Mama yako, Kifaranga