Nilijibu Moja

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu salamu nyingi, za mdomoni na zile zilizokwama kifuani. Hujambo mama? Miguu je, bado inawaka moto ukitoka zamu wodini? Ile dawa ya kuchua niliyokupa usiifungie kabatini, jipake. Na usiniambie unakula vizuri, maana kwenye picha uliyotuma mashavu yameingia ndani kama mfuko uliomwagwa unga. Wauguzi nyie mnajua kulisha wagonjwa tu.

Sisi huku tu wazima. Mwanao Kisigino homa imemtoka, kikohozi kimebaki kidogo asubuhi. Meno ya mbele yameanza kuchungulia, na bado ananifuata nyuma nyuma kama jina lake, mpaka nikigeuka ghafla namkanyaga. Kule kwa dobi kazi inaendelea, pasi ni ileile inayoniunguza mkono uleule. Mwili wangu mzima. Uso ndio sina.

Mwandiko huu si wangu, na najua unashangaa, maana wewe unajua mama yako alikwenda darasa la watu wazima akahitimu. Tutafika huko. Barua hii nimeisema mwenyewe kwa mdomo wangu, neno kwa neno, na aliyeshika kalamu nimemkataza kunipamba. Simu sikuitaka. Kwenye simu ulimi wangu una mbio, nakudanganya kabla sijajua kama nimeamua kukudanganya.

Nianze na siku ya mvua. Shika ninayokwambia leo, sahau uliyoyasikia kwanza.

Unakumbuka mwanzo wa mwaka mwalimu mkuu alituita wazazi wote. Akatueleza kwamba ule mfereji wa nyuma ya shule ukijaa maji yanaingia uwanjani, kwa hiyo siku ya mvua kubwa shule haitafunguliwa. Ujumbe utakuja kwenye simu alfajiri. Mzazi akiusoma ajibu moja, maana yake nimeelewa, mtoto nabaki naye nyumbani. Akijibu mbili, anahitaji msaada. Wote wakishajibu, geti linafungwa, na mlinzi na mama wa usafi wanakwenda nyuma kuzima umeme, kupandisha vitabu na kupanga viroba vya mchanga milangoni. Akasisitiza pia kwamba siku zote mtoto akabidhiwe getini mkono kwa mkono, asiachwe njiani. Mimi katika maneno yote hayo nilishika moja tu: ujumbe wa shule ukija, jibu moja.

Na nilijibu, mwanangu. Ujumbe wa mkutano, moja. Ujumbe wa sare, moja. Ujumbe wa chawa, moja. Mwalimu wa darasa akanisifu mbele ya watu kwamba hakuna mzazi anayejibu upesi kama bibi yake Kisigino, nami nikavimba kichwa nikashindwa kupita mlangoni.

Ulikuwa mtindo wangu kwamba nikishajibu, napita kwa yule fundi viatu wa pale kona, navaa miwani yangu, naivua, naifuta, nalalamika kwamba ina ukungu, kisha nampa simu anisomee. Miezi mingi tulikwenda hivyo. Siku moja akacheka, akasema miwani yangu hiyo haijawahi kusoma hata kibao cha choo, na watu wawili waliokuwa wanasubiri viatu vyao wakacheka naye. Nikamwambia afunge mdomo wake ulionuka gundi. Toka siku ile sikumpelekea tena simu. Nilijiambia ujumbe wa shule ni uleule kila siku, kelele za walimu.

Siku ile simu ilitetemeka juu ya meza alfajiri, nachemsha maji ya Kisigino ya kuoga. Ile alama ya shule nikaiona. Nikajibu moja. Nikamwogesha mtoto, nikamvalisha sare.

Tulipotoka mbingu ilikuwa nyeusi lakini haijadondosha hata tone. Njiani nikaona watoto wa shule ni wachache, kwa kweli sikuona hata mmoja, nikasema kimoyomoyo wazazi wa siku hizi wavivu, wingu likipita wanajifunika shuka. Kwa dobi mashuka ya hospitali yalikuwa yananisubiri, yatoke kabla ya saa mbili. Basi tulipofika kona ya fundi viatu, naye hakuwepo, sikuvuka barabara. Lile geti unaliona pale, hatua arobaini. Nikamwambia Kisigino kimbia, nikamwona anakimbia na begi lake jekundu linampiga mgongoni, nikageuka. Sikungoja aingie. Mlango ulikuwa umefungwa, mwanangu. Nimegeuka mtoto anakimbilia mlango uliofungwa.

Mvua ilishuka baada ya nusu saa. Kule kazini tulikuwa tunacheka. Niliwaambia wenzangu mimi sina wasiwasi, wangu yuko ghorofani anaimba a-e-i-o-u. Nilikuwa nanyoosha foronya.

Mlinzi wa shule unamjua, yule mrefu, watoto wanamwita Filimbi kwa sababu ya ile filimbi yake shingoni. Kila mwezi huwafanyisha watoto mazoezi ya hatari. Akipuliza mara tatu fupi fupi, kila mtu anapanda juu, anashika kitu kigumu, hateremki. Akipuliza moja ndefu, hatari imekwisha, shuka. Mimi nilikuwa nayadharau mazoezi hayo. Nilisema hadharani kwamba mtu mzima mzima analipwa kufundisha watoto kupanda ngazi.

Basi Filimbi alikuwa nyuma ya shule na mama wa usafi, wanapanga viroba. Orodha mkononi ilisema wazazi wote wamejibu moja, hakuna mtoto anayekuja. Geti alikwishalifunga. Kisigino aligonga, lakini mvua juu ya mabati ilimeza sauti. Maji yalipoanza kupita barabarani, mtoto wa miaka saba akapanda juu ya ule msingi wa saruji wa kibao cha shule, akakumbatia nguzo. Zaidi ya saa nzima. Filimbi alipokuja kukagua geti aliona kitu chekundu. Maji yalikuwa yanamfika yeye mapajani, na mtoto yalikuwa yanamlamba viatu. Akamwendea, akambeba begani mpaka zahanati. Mtoto akamwambia hakuteremka, alikuwa anasubiri filimbi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa nakuja kwangu.

Pale zahanati alikuja mwalimu mkuu na wazazi kadhaa. Mwalimu aliniuliza kwa upole tu, akasema bibi, mbona ulijibu moja na mtoto akaja? Wote wakaniangalia. Yule mama wa benki, yule mwenye duka la vioo, wote wasomi, na miwani yangu ile iko puani. Mdomo wangu ukasema kwamba siku hiyo niliwahi sana kwa sababu ya mashuka ya hospitali, nikamkabidhi mtoto kwa mlinzi mkono kwa mkono, akampokea, na ujumbe ukanikuta niko njiani naenda kazini. Nikasema huenda mlinzi alimsahau. Nililia kidogo. Machozi yalikuwa ya kweli, ndiyo maana waliniamini. Yule wa duka la vioo akanikumbatia.

Jioni nikakupigia nikakwambia yaleyale, tena nikayaongezea chumvi, nikasema alikuwa na harufu ya pombe. Filimbi hanywi. Nawe ukawaka kama mama yeyote, ukawaandikia shule ile barua kali ukitaka afukuzwe. Wamemsimamisha. Wamemnyang'anya funguo. Kikao cha kumfukuza ni Ijumaa hii.

Lililo baya kuliko yote sijalisema. Homa ilipopungua, mwalimu mkuu alikuja nyumbani kumuuliza mtoto mwenyewe. Kabla hajaingia, nilimshika Kisigino mabega nikamwambia akiulizwa aseme Filimbi alimpokea. Mtoto akaulizwa. Akanitazama mimi, akatazama miguu yake, hakusema neno. Mwalimu akasema ana hofu bado, tumwache. Akaniachia maziwa ya kopo. Nimemzaa mama yake, nimemlea yeye, halafu nimemfundisha uongo, na yeye kwa akili yake ya miaka saba akakataa bila kunivunjia heshima. Tangu siku hiyo akitaka kitu haniambii bibi nipe. Anachukua mwenyewe kimya kimya.

Jumatatu mvua ikarudi. Ilipopiga bati, Kisigino akapanda juu ya meza ya chakula, akakumbatia ile nguzo ya katikati ya nyumba. Nikambembeleza, nikamtisha, nikamwimbia. Akasema anasubiri filimbi. Nikajaribu kupiga mluzi mimi, na mapengo yangu haya ikatoka pumzi na mate. Siku nyingine tungecheka mpaka tukae chini. Akanitazama tu, akasema hiyo siyo. Saa nzima yuko mezani, hashuki. Hapo ndipo nilipomwita jirani amwangalie, nikajitupia kanga kichwani, nikatoka kwenda nyumbani kwa Filimbi.

Anakaa mtaa wa pili, vyumba viwili, mlango wa bluu. Mkewe aliponiona hakuitika hodi yangu. Filimbi alikuwa anagongelea miguu ya stuli. Nadhani alifikiri nimekuja kumtukana tena. Nikamwambia mtoto yuko juu ya meza. Hakuniuliza lingine. Akavaa koti lake la mvua, akatoka mbele, mimi mzee nakimbia nyuma yake, mimi sasa ndiye kisigino. Filimbi ile ni yake mwenyewe, hawakuweza kumnyang'anya. Akasimama mlangoni kwangu, hakuingia ndani, akapuliza moja, ndefu, mpaka majirani wakafungua madirisha. Kisigino akashuka. Akamwendea, akamshika mkono, akamuuliza kwa nini haji shuleni.

Filimbi alinitazama. Alikuwa na nafasi ya kusema, mwanangu. Nyumba yangu, mjukuu wangu, majirani dirishani. Akamjibu mtoto kwamba yuko likizo.

Kesho yake nilirudi kwake na karatasi hizi. Nikamwambia nataka uniandikie barua kwa binti yangu, na uandike kila ninalosema hata likikuuma. Ndiyo, mama. Mwandiko huu unaousoma, wenye herufi zilizolala upande kama watu wanaopingana na upepo, ni wa Filimbi. Ningeweza kumpata karani wa barua pale posta, lakini karani hanijui, ningemwambia kama ninayetupa taka. Nilitaka nilitamke kila neno nikimtazama huyu usoni. Pale kwenye harufu ya pombe aliweka kalamu chini, akatoka nje kutazama mbingu, ingawa hapakuwa na wingu lolote. Kisha akarudi, akaniuliza kama tuendelee au tupumzike. Nikasema tuendelee. Mkewe amekaa hapa pembeni anachambua mchele. Bado hanisemeshi, na ana haki.

Sasa unajua. Mama yako hajui kusoma. Lile darasa nilikaa wiki tatu. Waliniweka dawati moja na binti wa kazi wa yule wa duka la vioo, akanizidi siku ya pili, nikaona aibu nikaacha. Wewe ukapiga simu umefurahi, ukanitumia miwani kwa zawadi, nikashindwa kukurudishia furaha yako. Kwa hiyo miwani ile ni yako, uongo ni wangu. Ujumbe wako wote unaonitumia, zile salamu ndefu za sikukuu, fundi viatu ndiye aliyezisoma kwanza. Hata ule wa siku uliyoachana na mumeo. Nisamehe kwa huo zaidi.

Nakuagiza hivi. Barua hii ikikufika, na dereva wa basi atakayeibeba ameniahidi utaipata keshokutwa, mpigie mwalimu mkuu, ufute ile barua yako yote. Filimbi anaandika nakala nyingine, hiyo nitaipeleka mwenyewe kesho asubuhi. Na Ijumaa nitasimama pale kwenye kikao, mbele ya mama wa benki na wa duka la vioo, nitasema mlinzi hakumpokea mtoto kwa sababu mimi sikumpeleka, nilimtupa kona. Miwani nitaiacha nyumbani. Wakiona inafaa mtoto asikae tena na mimi, sitabisha. Wewe ukiona hivyo pia, sema. Nitamfunga vitu vyake vizuri.

Nisalimie wauguzi wenzako, na yule mgonjwa wako mzee anayekuita dada. Kisigino anasema umletee soksi zenye masikio. Filimbi naye anakusalimu. Sikumwambia aseme hivyo, ameongeza mwenyewe, na nimemwacha.

Mama, ukishaisoma barua hii usinijibu moja. Piga simu, unigombeze kwa sauti yako, nami nitasikiliza mpaka mwisho.

Ni mimi mama yako,
aliyesema yote haya kwa mdomo wake, na kidole gumba hiki cha wino ni chake.