Jina Alilotaka Baba

Busisi, 3 Agosti 2025

Mwanangu Rebeka,

Sisi hatujambo, ila magoti yanamsumbua mama yako. Wewe na kazi ya redio mnaendeleaje? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu siiamini tena. Tangu mtangaze kwamba mtambo wa kuchenjua dhahabu unamwaga maji ya sumu ziwani, mwenye mtambo anakagua simu za wafanyakazi wote. Ile sauti ya mtoa habari mliyoibadilisha, watu wanasema ni ya kaka yako Alexander, kwa kuwa anafanya kazi pale. Jana wanaume wawili walikuja kuulizia ng'ombe wa kununua. Hawakutazama ng'ombe hata mmoja. Niambie mimi peke yangu: ni yeye?

Baba yako, Ndalahwa

Nyamagana, 7 Agosti

Baba, shikamoo. Mpe mama pole. Mimi mzima, ingawa hata mhariri wangu ameniuliza jina la mwenye sauti mara mbili, na sijui anauliza kwa niaba ya nani. Sitasema ni Alexander, wala sitasema siye. Nilimwahidi mtu huyo kwamba sitamtaja, kabla hajafungua mdomo.

Mwanao, Rebeka

Busisi, 21 Agosti

Rebeka, marahaba. Afya ipo, amani hakuna. Alexander kafukuzwa kazi. Ameniapia, mkono juu ya Biblia, kwamba hajawahi kuongea na redio. Suzana mkewe ni mjamzito. Ukiandika mstari mmoja tu, kwamba siye, atarudishwa. Au huyo mtu ni bora kwako kuliko ndugu yako?

Baba yako

Nyamagana, 25 Agosti

Baba, shikamoo. Nimeisoma barua yako nikilia. Nikisema siye huyu, kesho italetwa karatasi yenye jina lingine, na siku nitakaponyamaza watakuwa wamempata mtu wao. Halafu baba, huo mstari ni wazo lako, au umetumwa? Bahasha yako ilinifikia imefunguliwa na kubandikwa upya. Kama kuna mwingine anayesoma hapa, naye ajue sitaandika. Nisameheni.

Mwanao, Rebeka

Busisi, 12 Oktoba

Mwanangu, marahaba. Mama yako sasa anatembea hadi kisimani. Nilikaa kimya kwa hasira, kisha kwa aibu. Ni kweli, mwenye mtambo ndiye aliyenitamkia ule mstari, nimekaa ndani ya gari lake. Wakaguzi wamekuja, wamepima maji, mtambo umefungwa.

Juzi Ng'washi, fundi wa pampu, alikuja kwa Alexander akagoma kukaa. "Ile sauti ni yangu," alisema. "Niliogopa, ndugu yangu." Alexander akamwambia Suzana aongeze ugali. Wewe bado hataki utajwe mbele yake. Usimharakishe.

Mama yako ana wasiwasi kwamba Ng'washi kasema vile ili kuwapatanisha tu ninyi ndugu wawili. Anataka nikuulize kama ni kweli.

Nimemwambia, "Hatajibu. Wala mimi simuulizi tena."

Baba yako, Ndalahwa